Gorogoro Moja ya Makaa

Baba yangu na rafiki yake wa mtaa wa Karen walibishana juu ya jambo moja kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozijua zilivyodumu. Chukua injini mbili ndogo za mvuke, moja ina tumbo kubwa la maji, nyingine ina tumbo dogo lakini inavuta moto vizuri. Zipe makaa sawa na mzigo sawa. Ipi itafika mbali? Wazee wa wenzangu wanabishana siasa. Wangu alibishana makaa, na akianza, chakula kinapoa.

Wote wawili walifanya kazi reli ujanani, mwisho mwisho wa enzi za mvuke. Baba alikuwa mchochea moto, na huyo mwenzake fundi wa karakana. Walipostaafu, badala ya kufuga kuku kama watu, wakaanza kuunda injini zao wenyewe. Usidhani nasema vitu vya kuchezea. Ya baba haifiki goti kwa kimo, lakini ina moto wa kweli na mvuke unaobabua ngozi, na kuipakia kwenye gari langu kunahitaji mabawabu wawili wa fleti yetu na kunung'unika kwingi. Dereva anakaa nyuma yake juu ya kigari, magoti karibu na masikio, na nyuma ya kigari hicho vinafuata vingine vya abiria. Mzee wa Karen ana shamba aliloachiwa na wazazi wake, na ndani yake ametandika reli inayozunguka bustani nzima. Inapita nyuma ya jikoni, inapita chini ya mparachichi, halafu inapanda kamlima kadogo kando ya ua wa michongoma. Hapo kwenye kamlima ndipo injini hujulikana tabia.

Baada ya mama kufariki, baba alikuja kukaa nami kwenye fleti yangu Kileleshwa, Nairobi. Nilimpa chumba chenye jua. Yeye akakipenda kijistoo kilicho kando ya jikoni, akakijaza misumeno, tupa na vipande vya shaba, na moto akawa anaujaribu kwenye balkoni. Jumamosi moja moshi ukapanda ukaingia kwenye nguo za jirani wa juu, shuka nyeupe, za wageni. Keateka, msimamizi wa fleti, akaja kugonga mlango, na nyuma yake huyo jirani amebeba shuka yenyewe kama ushahidi. Niliomba msamaha mpaka nikachoka, kisha nikageukia balkoni.

"Baba, hii ni fleti! Si stesheni!"

"Usipige kelele, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na hiyo inamsaidia sana, maana ni vigumu kumkemea mtu anayekuita mama. "Ni moshi kidogo tu."

"Moshi kidogo! Juzi umeungua vidole. Wiki iliyopita umejigonga kwenye mlango ambao umekuwa hapo hapo tangu ujenzi. Mimi nimechoka, haki."

Akaifuta injini kwa kitambaa. Halafu akanipa pendekezo. Jumamosi ijayo yeye na rafiki yake walikuwa wanazipima tena injini zao. Akishinda, nimwache na moto wake, na maneno ya keateka nitayabeba mimi. Akishindwa, moto unakwisha kabisa, injini inakuwa pambo la sebuleni, na mimi naweka friza yangu kwenye stoo. Akaninyooshea mkono. Nikaushika upesi, kabla hajabadili nia. Nilitaka ashindwe, na niseme wazi kwamba sikuona haya kutaka hivyo. Nilikuwa naenda kazini Westlands kila asubuhi na nusu ya akili yangu imebaki nyumbani inanusa moshi.

Jumamosi ikafika, jua la kiasi, nyasi za Karen bado zina umande. Sheria zao nilikuwa nazijua kwa sababu zimesomwa mbele yangu mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Kila injini inapewa gorogoro moja ya makaa, yaani lile kopo la kupimia sokoni, ya jikoni haya haya, kutoka gunia moja, na makaa yanakwanguliwa juu kwa rula ili yasizidi hata kipande. Maji ni ya mvua, kwa sababu maji ya kisima cha pale yana chumvi na huacha ukoko ndani ya tangi. Mzigo ni watu, na ni watu wale wale kwa injini zote mbili: mimi mbele, nyuma yangu mke wa mzee, halafu wanawe wawili wenye vitambi. Dereva anaendesha peke yake, bila msaada wa yeyote. Inayozunguka mbali zaidi kabla ya kukata pumzi ndiyo bora.

Halafu kuna ile sheria ya chai. Hakuna anayekunywa chai wala kugusa andazi kati ya injini ya kwanza na ya pili, kwa sababu mtu aliyekunywa chai ni mzito kuliko alivyokuwa. Msalani pia huendi, kwa sababu utarudi mwepesi. Wazee wazima walikaa chini wakatunga hayo! Chai iko pale kwenye meza, kwenye chupa, na wewe unaitazama tu.

"Mimi nimeolewa na mwendawazimu," mke wa mzee akaniambia tulipokuwa tunapanga miguu kwenye vigari. "Wako angalau ndiye aliyekuzaa, hukumchagua."

Mzee wa Karen akaanza. Injini yake ndiyo ile ya tumbo kubwa, rangi ya kijani, na ilitoka kwa nguvu mpaka shingo zetu zikarudi nyuma. Mizunguko ya kwanza tulikwenda vizuri sana. Kwenye kamlima haikupunguza hata kidogo, na mzee alikuwa akitugeukia na kucheka. Lakini ilikuwa inakula. Kila baada ya muda mfupi anafungua kimlango, anatupa makaa, anafunga. Mzunguko wa kumi gorogoro likawa tupu. Mzunguko wa kumi na moja tukapanda kamlima polepole, tukashuka, na tulipofika usawa wa mparachichi ikatoa pumzi ndefu, ikasimama. Wakachora mstari kwa chaki kwenye reli. Nikamwangalia baba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa ameinamisha upande mmoja, na nilidhani ana wasiwasi. Nikaanza kuifikiria friza.

Ikafika zamu yake. Injini ya baba ni nyeusi na huwa haina haraka. Alikuwa amelipunguza tundu ambalo mvuke uliokwisha kazi hupitia kuelekea kwenye bomba la moshi, ili uvute hewa zaidi na moto uwake vizuri kwa makaa machache. Ugumu wake ni kwamba ukiufungulia mvuke kwa pupa, makaa mepesi yananyonywa na kurushwa nje kupitia bombani yakiwa bado hayajaiva. Ni injini ya mtu mwenye subira. Tuliondoka taratibu, wale wanaume wawili nyuma wakaanza kutania kwamba heri wangetembea.

Mzunguko wa tatu, karibu na jikoni, baba akarudisha kichwa nyuma kidogo, midomo haionekani kusogea.

"Mama, mshale uko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya bega lake kabisa. Niliona geji ya mvuke ikiwa mbele yake, karibu na mkono wake, kubwa kama kifuniko cha sufuria ndogo.

"Si huo hapo mbele yako?"

"Nisomee tu."

"Sitini na kitu. Karibu sabini."

Akapunguza mvuke kidogo. Tukaenda. Kwenye kamlima akauliza tena, sauti ile ile ya chini. "Na kioo cha maji? Maji yamefika wapi?"

Nikakitazama kioo upesi. Maji yakiisha kwenye tangi la injini na moto bado unawaka, huo si mchezo tena, tangi hupasuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo. Na hakuna dereva anayeuliza maji yake yako wapi wakati kioo kiko mbele ya pua yake. Ndipo nikaelewa vidole, mlango, na kile kichwa kilichoinamishwa upande mmoja. Alikuwa anasikiliza. Baba yangu hakuwa anaona.

"Nusu," nikasema. "Ni nusu, Baba. Yanatosha."

"Asante."

Nawaambia ukweli, ilikuwa rahisi sana kumwangusha. Ningesema themanini wakati ni hamsini, angeubana mvuke, tungekwama kamlimani, na Jumatatu friza ingekuwa stoo. Wazo hilo lilikuja, likapita. Niliendelea kumsomea. Sitini. Hamsini na tano. Maji yameshuka, ongeza. Yamepanda, basi. Yeye mkono wake ulifanya mengine yote. Ule mkono unaomwaga chai nje ya kikombe, kwenye sosa, kila asubuhi ulikuwa unausukuma mvuke kidogo kidogo, na kila akichochea alijua kwa mlio wa bomba tu moto unataka makaa mangapi. Mzunguko wa tisa gorogoro bado lilikuwa na makaa. Nyuma yangu utani ukawa umekwisha. Mke wa mzee alinishika bega na kunong'ona, "Weee! Inakwenda, kumbe!"

Na mimi, sijui ni saa ngapi nilihama upande. Najua tu kwamba tulipopanda kamlima mara ya kumi na moja, mshale umeshuka thelathini, magurudumu yanateleza na makaa yameisha, nilikuwa naomba Mungu kwa lugha ya nyumbani. Baba akaubana mvuke, akangoja, akaufungua kwa upole. Magurudumu yakashika. Tukapanda. Tukashuka, tukaifikia chaki, tukaipita, na injini ikaenda kusimama mbele yake, kiasi cha hatua za mtu mzima chache tu. Lakini mbele ni mbele. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa majirani wakajibu.

Mzee wa Karen akaja na mkono ameunyoosha, uso umemkunjamana kwa hasira na furaha pamoja. "Umenimaliza," akasema. "Lile tundu lako dogo limenimaliza."

Baba hakuupokea mkono. Aliendelea kukaa.

"Hapana," akasema. "Dereva anaendesha peke yake. Mimi nimesomewa geji na huyu mtoto tangu mzunguko wa tatu. Sioni, bwana. Umeshinda wewe."

"Tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana. Ni presha ya macho. Nilikwenda kliniki nikaambiwa yaliyokwenda hayarudi. Sauti bado nasikia, nikadhani masikio yatatosha. Hayakutosha."

Hapo nilipasuka. "Baba, nani amekuuliza? Nani? Umeshinda, watu wote wameona, hakuna mtu aliyesikia tukiongea! Ungenyamaza tu!"

Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye ukuta wa jikoni. Nilikuwa nimepata kile kile nilichokitaka, kwa mdomo wake mwenyewe, na nilikuwa nalia kwa hasira mbele ya watu, sketi imejaa mabaki ya majivu.

"Nikinyamaza," akanijibu polepole, "nitajuaje kama nimeshinda kweli?"

Mzee wa Karen alikwenda kusimama chini ya mparachichi, ametupa mgongo. Hakuna aliyeshangilia ushindi wake, hata yeye mwenyewe. Mkewe ndiye aliyetuokoa. Akasema kama kuna mtu ana sheria nyingine aiseme sasa, kwa sababu yeye anamimina chai.

Jioni tulirudi kwa Ngong Road, injini nyuma bado ina joto, gari zima linanuka mafuta na mvuke. Magari yalikuwa yamesimama. Baba alikuwa ametazama mbele, na nikawaza kwamba sijui anaona nini huko mbele, taa nyekundu au ukungu tu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimgombeza kwa ukaidi, kumbe ni giza. Niliumia sana.

"Kesho mwambie bawabu mmoja aniletee maboksi," akasema. "Nipange vyombo. Tulikubaliana."

"Baba."

"Mimi si mtu wa kurudisha mkono niliokupa."

"Sijasema urudishe. Ulisema moto wako unakwisha. Sawa, umekwisha. Wangu je?"

Akageuza kichwa, ule upande wa sikio. "Wako upi?"

"Sheria inasema dereva mmoja. Haikusema lazima awe wewe. Macho ninayo. Nifundishe mkono."

Tukasogea, tukasimama, tukasogea tena. Kisha akapapasa pembeni mpaka akaupata mkono wangu kwenye gia, akaufungua kidole kwa kidole kama anayekagua chombo kabla ya kukinunua. Siku iliyotangulia nilikuwa nimetoka kutengenezwa kucha Westlands, ndefu, nyekundu.

"Na makucha haya?" akauliza.

"Yatakatwa," nikamwambia.

Hakuuachilia mkono wangu mpaka foleni ilipofunguka.