Mwalimu Aliyeiambia "Get" Ingoje

Msomaji wangu, jirani yangu mwalimu ametutoka. Jumamosi walimsafirisha kwenda kuzikwa kwao magharibi, na sisi wa Karatina, aliotufundisha Kiingereza mpaka akastaafu, tukabaki tukitazamana.

Uzeeni alipata mwanafunzi asiyemtarajia: Mchina msimamizi wa ujenzi wa barabara. Bwana huyo alikuwa akisumbuliwa na neno moja tu, "get". Kwao kupata, kufika, kuelewa, kuugua na kuzeeka kila kimoja kina neno lake. Kiingereza kinaitwisha "get" mizigo yote hiyo. Alizikariri maana zote. Hata hivyo vibarua wake walitishia kuacha kazi, na wakubwa wake wakamwonya kwamba wakiondoka hao, naye atarudishwa kwao.

Mwalimu akaamua kwenda kumsikiliza kazini. Asubuhi msimamizi akashuka garini na kuanza hapo hapo: "Get shovel! Get up! Get in!" Hakukosea hata moja.

"Umesalimia nani?" mwalimu akamuuliza.

"Kazi saa moja, Madam."

"Hapa hata ng'ombe inasalimiwa kabla ya kukamuliwa! Hawa watu wametoka kwao na hii baridi yote. Patia kila mtu mkono kwanza, uliza ameamka aje. Hiyo get yako itangoja."

Kesho yake msimamizi akawapitia mmoja mmoja, mkono umekakamaa. Vibarua wakadhani amefutwa, anawaaga. Lakini akarudia siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mmoja wao akamuuliza habari za mama yake. Msimamizi akasema polepole, "My mother is getting old."

"Hata wangu, boss," kibarua akamjibu. "Na hii baridi, magoti inamsumbua sana."

Hakuna aliyeacha kazi. Mwalimu alinisimulia hayo huku akifuta macho kwa leso, akicheka.

Siku hizi simu inakutafsiria neno lolote kabla hujameza mate, na watoto wetu wanatiririsha Kiingereza huku wakimpita bawabu getini kama nguzo ya stima. Mimi ninayeishi kwa kuandika maneno nina deni la shukrani kwa mama huyu. Asante, mwalimu. Ulitufundisha kwamba mtu anaweza kuzijua maana zote za neno na bado akakosa wa kumwambia kwamba mama yake anazeeka.