Vumbi Mgongoni mwa Samaki

Kinyozi yule alikuwa na maneno mengi kuliko nywele za wateja wake, lakini ukitaka anyamaze, mtajie samaki mgonjwa. Ataweka mashine chini, atakwenda kusimama mbele ya tangi lake la vioo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Wewe utabaki kitini na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Usilalamike, wenzako walikwisha lalamika na haikusaidia kitu.

Tangi lenyewe lilikuwa la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto, limekaa ukutani kati ya kiti cha kunyolea na cherehani ya mkewe. Ndiyo, mkewe alikuwa fundi nguo na alishona mlemle, chumba kimoja, mume huku, mke kule, samaki katikati. Mapenzi ya samaki Kinyozi aliyapata ujanani, alipokuwa msafishaji wa hoteli na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kufuta kioo cha tangi kubwa la mapokezi. Hoteli aliiacha, akajifunza kunyoa, akaoa, akalea binti mmoja mpaka akaolewa mbali. Binti alipoondoka nyumba ikapoa, na Kinyozi akaenda kununua tangi. Mkewe alilitazama juu mpaka chini, akasema, "Karibu mke mwenzangu," akarudi kwenye pindo lake. Tangu hapo mumewe akichelewa chakula, majirani waliambiwa yuko kwa bi mdogo.

Samaki walikuwa wachache. Mkubwa wao, wa buluu iliyokolea, wateja walimwita Meneja, kwa sababu mtu akiingia tu mlangoni, naye hujisogeza kiooni kuona nani kaja na kwa nini kachelewa. Kinyozi alimpenda huyo kuliko haki. Akila vibaya Meneja, na yeye chakula hakipiti.

Sasa, Kinyozi alikuwa na sheria yake: samaki mgeni haingii tangini moja kwa moja. Anatengwa kwanza kwenye beseni lenye pampu ya hewa, anakaguliwa kwa tochi ubavu huu na ubavu huu, wiki baada ya wiki. Samaki wa baharini huja na vimelea, vidudu vidogo vya kunyonya ngozi, na tangi si bahari. Humo ndani havina pa kupotelea, vinazaana mchangani na kuwarudia samaki walewale mpaka viwamalize. Basi akaletewa mgeni wa manjano. Akamtenga, akamkagua, akamsifu, "Msafi kama mtoto aliyetoka kuoga," akamtia tangini na wenzake.

Hakuwa msafi.

Alianza yeye mwenyewe kujikwaruza kwenye mawe, kisha kuhema mbiombio, kisha kujibanza mbali na taa. Siku iliyofuata na Meneja akawa anahema. Kinyozi akasogeza pua kiooni, akakunja uso, akatoa hukumu kwa sauti ya mtu asiyetaka swali.

"Vidoa vyeupe. Ugonjwa wa kila siku huu. Vidudu vyake haviwezi maji yenye chumvi kidogo."

Akawavua wote, akawahamishia kwenye beseni kubwa, kipima chumvi mkononi, akawa anaongeza maji matamu taratibu ili chumvi ishuke. Kwa vidoa vyeupe hiyo ni tiba nzuri, tusimwonee. Alichokosea ni ugonjwa. Mgeni wa manjano akafa, na mwingine mdogo wa rangi ya chungwa akamfuata, na Kinyozi akazidi kupunguza chumvi.

Mkewe alikuwa anapita na kikapu cha vitambaa. Akasimama, akainama juu ya beseni.

"Baba, huyu ana vumbi."

"Ana vidoa, mama."

"Vidoa ulivyowahi kunionyesha vilikuwa kama chembe za chumvi, mtu unaweza kuvihesabu. Hivi utavihesabu wapi? Hii ni kama chaki ya kukatia nguo ukiipangusa kwenye kitambaa cheusi."

"Kaa na cherehani yako."

Jibu gani hilo la kumpa mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani! Lakini mwanamke alibeba kikapu chake, akaenda zake, na Kinyozi akabaki na neno vumbi limemkaa kooni kama mwiba. Ugonjwa wa vumbi aliujua. Aliuona ulipoingia kwenye tangi la hoteli. Haukubaki hata mkia. Ni unga mwembamba wenye mng'ao wa dhahabu, unaojaza matamvua mpaka samaki anakosa pumzi ndani ya maji mazuri, na kupunguza chumvi hauusumbui kabisa. Unataka dawa ya shaba, na unaitaka mapema.

Akashusha pazia, akawasha tochi, akamulika Meneja kutoka ubavuni, maana ukimulika kutoka juu vumbi halionekani. Akatazama. Akafuta uso wa tochi kwa shati, akatazama tena. Alichokiona ni samaki ndani ya ukungu. Ukungu huohuo alikuwa akipigana nao kwa miezi na mikono yake miwili, akisugua kioo cha tangi asubuhi na jioni na kulaumu kila sponji aliyouziwa. Sasa hapakuwa na kioo. Palikuwa na beseni wazi na maji masafi, na ukungu ulikuwepo vilevile.

Alikaa kwenye kibao chake. Hakuwa mjinga, alijua alichokuwa anakikwepa. Kumwambia mtu "njoo unitazamie" ni kusema sioni. Na kinyozi asiyeona vumbi mgongoni mwa samaki ana haki gani ya kuweka wembe kooni mwa mtu? La kwanza likitoka, la pili linalifuata lenyewe, na kazi yote aliyoijua duniani inaishia hapo. Mficha maradhi kilio humuumbua, wazee walisema, ila hawakusema kilio chenyewe kinaweza kuwa cha samaki.

Akajaribu njia ya kati, kama wanaume tulivyo. Akatayarisha beseni jipya lenye maji ya chumvi kamili, akawahamisha waliobaki, akamimina dawa ya shaba bila kumwambia mtu. Lakini dawa hiyo ina ubishi wake: ikipungua vidudu vinaishi, ikizidi samaki anakufa. Inapimwa kwa kuchota maji kidogo kwenye kichupa na kudondoshea matone, maji yanageuka buluu, na unalinganisha buluu hiyo na kadi yenye rangi zilizopangwa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kinyozi alishika kichupa kwa mkono mmoja na kadi kwa mwingine. Kwake zote zilikuwa rangi moja, rangi ya mawingu. Chini ya beseni Meneja alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, hata kivuli cha mtu hakimshtui tena.

"Mama," aliita. "Njoo."

Cherehani ikasimama. Mkewe akaja.

"Nisomee hii."

"Kwani wewe?"

"Sioni," akasema. "Tangu lini sijui. Sioni vizuri."

Mkewe hakuguna wala hakushangaa. Alichukua kichupa na kadi, akaenda navyo dirishani, akavigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wake wa nje.

"Hii ni buluu ya shati lililofuliwa sana," alisema. "Unayoitaka ni ya shati jipya?"

"Ile ya tatu kwenye kadi."

"Bado hatujafika. Ongeza, lakini kwa mkono wa uchoyo."

Akaongeza kidogo, wakangoja, wakapima tena. Saa ngapi walimaliza sikuambii, ila chakula kilipoa na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kabla ya kuondoka pale mkewe alimgusa bega. "Kinyozi hajinyoi, baba," alisema.

Duka lilifungwa siku hizo. Aliyegonga alijibiwa, "Tuna mgonjwa," na wote wakaelewa ni Meneja, wakapeleka salamu za pole kwa dhihaka na kwa kweli. Tangi kubwa liliachwa bila samaki hata mmoja, na lingekaa hivyo wiki nyingi ili vidudu vilivyobaki mchangani vikose wa kumnyonya, vife. Kamba wadogo tu ndio walitembea humo. Hao shaba ingewaua, ndiyo maana dawa haikutiwa mle. Kila asubuhi mkewe alisoma rangi na mumewe akapima dawa kwa neno lake. Mke naye alijifunza kumulika kutoka ubavuni. "Leo shingoni pamepungua," angesema, "mkiani bado." Siku moja Kinyozi alimsikia akizungumza na samaki kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto asiyetaka uji, akajitia hamnazo.

Kisha Meneja akala. Kipande kimoja, akakitema, akakifuata, akakimeza. Mkewe ndiye aliyeona na ndiye aliyesema, na Kinyozi akacheka mpaka akakohoa. Siku hiyohiyo akafungua duka.

Dereva mstaafu, mteja wa zamani kuliko kiti chenyewe, alikuwa wa kwanza kufika, akakaa kwenye benchi na gazeti lake. Lakini hakuwa na haraka, akampisha mtu mwingine, mgeni mwenye mkoba wa safari.

"Ndevu zote," mgeni alisema. "Kwa wembe. Mpaka shingoni."

Kinyozi akamfunga kitambaa, akampaka povu, akafungua wembe. Mgeni akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho. Cherehani ikanyamaza, na gazeti likashuka. Kinyozi aliinama. Povu lilikuwa jeupe, shingo nayo machoni pake ikawa nyeupe, na mpaka wa kimoja na kingine hakuuona. Mkewe alikuwa amekwisha inuka.

Akakunja wembe.

"Nisamehe, ndugu yangu. Siwezi kukunyoa. Macho yangu hayaoni."

Mgeni akafumbua macho yake mawili mazima, akamtazama, akajifuta povu, akashukuru kwa haraka, akaondoka na mkoba wake. Kinyozi akabaki amesimama nyuma ya kiti kitupu, akingoja dereva aseme lolote.

"Tunajua," dereva alisema.

"Mnajua nini?"

"Macho. Sote tunajua. Mimi nikitoka hapa napita kwa kijana wa stendi ananinyooshea mstari."

"Na hapa mnarudi kufanya nini?"

"Kukaa. Kule wananyoa tu."

Lilimchoma, na lilimchekesha, na hakujua ape lipi nafasi. "Mwaka mzima hakuna aliyeniomba wembe. Nikadhani umepitwa na wakati. Kwa nini hamkusema?"

Dereva akamwangalia fundi nguo, kisha akaangalia chini. "Shemeji alitukataza."

Kinyozi akageuka. Mkewe alikuwa amesimama kati ya cherehani na tangi, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Kila aliyetoka na mstari umepinda nilimfuata nje," alisema. "Nikamwomba asikwambie, na akirudi ataje mashine, asitaje wembe. Huyu wa leo sikumuwahi."

"Wewe ulijua, na hukuniambia."

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Umeficha kwa kila mtu, sawa, ni kazi yako. Lakini mimi, baba? Mwaka mzima nimeshona hapa roho mkononi, nikisubiri uniambie mimi."

Hapo Kinyozi aliona aibu ambayo wembe haukumpa. Akaweka wembe kitini.

"Kesho twende hospitali," alisema.

"Si kesho."

Mkewe alitoa futi shingoni, akavaa viatu vya kutokea, akamshika mkono. Wakatoka, na dereva akabaki kulinda duka.