Sanda ya Jaja na Nepi za Mwanangu

Kitambaa cha melimeli hakina kazi moja. Kwa mwenye mtoto mchanga ni nepi, ni kifuta maziwa, ni chandarua juu ya uso mtoto anapolala mchana, ni chujio la uji wa wimbi. Ukikilowesha maji kinapoza homa. Ukikikunja mara nne ni mto. Haya yote niliyajua kabla sijafika miaka ishirini, na niliyajua kwa kukikosa.

Mwanangu alikuwa na siku kumi na nane vita vilipotufanya tuikimbie Walukuba, mtaa wetu kule Jinja, Uganda. Asubuhi ile nilikuwa nimefua nguo zake zote, nikazianika. Risasi ziliposikika upande wa daraja nilimbeba mtoto, nikachukua na birika, Mungu anisamehe, birika tupu, na nepi zote nikaziacha kwenye kamba. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, amekwama upande wa Kenya tangu mpaka ufungwe. Nikapanda lori la watu nisiowajua kwenda Mbale, kwa bibi yake mzaa baba, aliyekaa mtaa wa Malukhu. Njia nzima mtoto alifungwa kipande cha pazia nilichopewa na mwanamke mmoja mle ndani. Kwenye kizuizi askari alikifunua kwa mtutu wa bunduki, akakunja pua.

"Mama, huyu umemfunga na pazia?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa dirisha limevaa nini?"

Wenzake wakacheka, tukapita.

Tulipofika, mapaja ya mtoto yalikuwa yamechubuka, mekundu, hata maji ya vuguvugu yalimliza. Bibi wa mume wangu, ambaye nilimwita Jaja kama watu wa huko wanavyowaita bibi zao, alimtazama. Kisha akafungua sanduku lake la bati, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani ya gazeti la Kiarabu.

Kila mtu wa nyumba ile alikijua. Ilikuwa sanda yake. Alipokwenda kuhiji alinunua melimeli ya pamba, nyingi, kwa sababu ilikuwa nyepesi na alitaka ikunjwe mara mbili. Akaichovya katika maji ya Zamzam, akaianika huko huko Maka, akarudi nayo. Mara moja kwa mwaka aliitoa kuipunga jua, akairudisha.

Senga, yaani shangazi wa mume wangu, alisimama mlangoni mikono kichwani.

"Mama! Mtoto mzima umvishe nguo ya maiti?"

"Maiti yuko wapi?" Jaja akamuuliza. "Mimi nimekaa hapa."

"Ni mkosi huo."

"Mkosi ni hayo mapaja. Lete mkasi. Basi, acha." Akashika upindo kwa meno, akaipasua. Sauti ya kupasuka ilinitoa jasho. Alipasua tena na tena, mpaka mkeka ukajaa vipande vyeupe, na mtoto akafungwa cha kwanza papo hapo.

Halafu akanigeukia mimi. "Mwanamke huzikwa kwa nguo tano. Sasa sina hata moja. Utanitafutia nyingine wewe, na iwe ya pamba. Huko nje watu wanazikwa na mashuka ya kitandani. Mimi siendi kwa Mola wangu na maua ya waridi mgongoni."

Tulicheka sote. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu, kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi kirefu, na hakuna aliyedhani anatania.

Vile vipande vilitulea mwaka mzima. Sabuni hakuna, tulivifua kwa maji ya majivu, tukavichemsha kwenye sufuria kuukuu. Mapaja yalipona kwa siku nne. Malaria ilipompata mtoto tulimkanda kwa vipande vilivyolowa, kimoja kwenye paji la uso, kimoja chini ya makwapa. Senga mwenyewe, aliyekuwa akivinyanyua kwa ncha za vidole kama vinauma, siku moja nilimkuta amejifunga kimoja kichwani akipepeta mahindi.

Barabara zilipofunguka mume wangu akarudi kwenye lori lake, nami nikaanza kutafuta. Mtoto alikuwa ameanza uji na kutambaa, nikamwacha kwa Senga. Nilikwenda Nakaloke siku ya soko, nikakuta mitumba na majembe yasiyo na mipini. Kwenye barabara kuu, malori ya Kenya yanapolala, dereva mmoja alinitolea kitambaa kutoka nyuma ya kiti chake.

"Hii, shemeji, ni nyeupe kuliko meno ya bibi harusi."

Ilikuwa nyeupe kweli, na laini, haina hata kunyanzi moja. Niliipeleka Malukhu nikijiona shujaa. Jaja akachomoa uzi mmoja, akauwasha kwa njiti ya kiberiti. Uzi ukajikunja, ukaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha kupe.

"Plastiki," alisema. "Unataka nikayeyuke huko?"

Nikatoka tena. Na hapa lazima niseme jambo ambalo nililificha miaka mingi. Nilianza kupenda kutoka. Mtu akiniuliza naenda wapi, nilikuwa na jibu ambalo hakuna Mwislamu angelipinga: namtafutia mzee sanda. Nilikwenda Busia, nikaenda Tororo, nikarudi Jinja kuitazama nyumba yetu ya Walukuba, ambako wageni walikuwa wakiishi na kamba yangu ilikuwa na nguo zao. Nililala kwa marafiki wa marafiki. Nikirudi Malukhu, siku ya tatu miguu ilianza kuniwasha.

Jinja, katika duka lililofunguliwa upya, niliiona. Melimeli, pamba tupu, robota zima. Niliisugua kwa vidole, nikamwomba mwenye duka uzi mmoja, nikauchoma mbele yake: jivu. Nikamwambia nitarudi. Sikuwa nimepungukiwa pesa. Nilijua tu kwamba nikiinunua, safari zimekwisha. Nikaenda kwanza Iganga, kisha Busia tena.

Huko Busia dereva wa teksi aliyetujua alinishika bega. "Senga anakuita. Anasema mzee hali tena, hata chai."

Sikumbuki vizuri njia ya kurudi Jinja. Nakumbuka nilikuwa nikihesabu mashuka yote ya nyumba ile, na kila moja lilikuwa na maua. Dukani robota lilikuwa limebaki kipande cha mwisho. Mwenye duka alikipima mara mbili kwa mkono wake mrefu, mimi nikimhimiza, "Haraka, mzee, haraka."

Nilifika Malukhu adhuhuri. Jaja alikuwa amelala kwa ubavu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, akapapasa kitambaa, akachomoa uzi. Senga akawasha kiberiti. Jaja aliliponda lile jivu kati ya vidole viwili, akalinusa.

"Hii ndiyo," alisema. "Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa natafuta, Jaja."

Akakivuta kitambaa kifuani, akageukia ukuta.

Aliishi siku sita. Nilikaa zote sita, nikimlisha maji kwa kijiko. Wanawake walipomwosha waliniita nishike upindo wakati wa kukata. Zilipatikana nguo tano kamili, zilizokunjwa mara mbili kama alivyotaka.

Baada ya khitma ya siku ya tatu nilimwomba Senga anishikie mtoto kidogo, nifike Jinja.

"Kutafuta nini?" akauliza.

Nikasema sabuni. Malukhu siku zile sabuni ilikuwa imejaa madukani.