Abiria wa Sigino

Niliondoka Katesh asubuhi kwenda kuuza pikipiki. Mnunuzi, fundi mwashi wa Babati, alikuwa akinisubiri stendi. Tangu mke wangu Neema afariki nilisafiri peke yangu, na nilikuwa nimechoka kupanda peke yangu kitu tulichonunua kwa ajili ya watu wawili. Helmeti yake niliifunga kwenye kiti cha nyuma, iende na pikipiki. Sikuwahi kuiosha, ndani bado ilinukia mafuta yake ya nywele.

Ni pikipiki kubwa ya safari, haina cheni. Gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti iliyofichwa ndani ya chuma. Neema ndiye aliyeichagua, alikuwa amechoka kanga zake kuliwa na cheni. Ina tabia moja: ukivuta mafuta, nyuma inanyanyuka kidogo, ukiachia, inakaa. Yeye akiwa nyuma sikulihisi hilo. Kutoka Katesh hadi Dareda sikuhisi kingine. Mlima Hanang ulinifuata kwenye kioo, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Nilipofika Sigino, mama mmoja mtu mzima mwenye kiroba cha mbaazi alinipungia mkono. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipeleke Nakwa, binti yangu amejifungua."

Kabla sijamwambia kwamba mimi si bodaboda, ameshafungua helmeti, ameivaa, amepanda. Moyo uliniuma, lakini nilishindwa kumwambia aivue.

Tukaondoka. Nikavuta mafuta, nyuma ikatulia. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokwenda vizuri.

"Hii yako haina cheni ya kula nguo?" aliuliza.

"Haina, mama."

"Basi Jumapili uje unirudishe. Hawa wengine wamenimalizia vitenge."

Tulipofika Nakwa alinimiminia mbaazi kwenye mfuko, akanirudishia helmeti, akaingia ndani kwa mjukuu wake. Niliinusa. Harufu ya Neema haikuwapo tena, umebaki moshi wa kuni. Nililia palepale kando ya uzio wa watu.

Simu ikaita. Alikuwa mnunuzi.

"Kaka, umefika wapi?"

"Nipo Nakwa. Unisamehe, siiuzi tena."

"Umepata mwingine?"

"Nimepata abiria. Jumapili."

Nilirudi Katesh peke yangu, nyuma ikinyanyuka kila nilipovuta mafuta. Niligundua kwamba sikuwa nimeichoka pikipiki. Jioni niliiosha helmeti kwa sabuni, nikaianika uani.