Kulabu Nilizomfungia Punda Wetu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, punda wetu amenaswa kwenye seng'enge kule Idsowe, macho yamemtoka, na kosa ni langu mimi. Leo unaona watu wanatoka Garsen na Minjila kunitafuta niwashonee mablanketi ya punda, ukadhani nilizaliwa nikijua. Wapi!

Tulikuwa na punda mmoja tu, na maji yote ya nyumbani, ya watu na ya ndama, aliyabeba yeye. Mwaka ule mzigo ukamchubua mgongo, kidonda kikawa kikubwa, nzi hawamwachi. Nyanya yangu, ndiye aliyenilea, akakata turubai kuukuu, akamshonea blanketi la kumfunika mpaka apone. Chini ya tumbo akalifunga kwa vitambaa. Mimi nikaona haya. Punda mzima na vitambaa kama mtoto mchanga! Nikaenda Garsen siku ya mnada, nikarudi na mkanda wa ngozi na kulabu za chuma, zile za kufungia turubai la lori. Zinang'aa! Nikavitoa vitambaa, nikazishona mwenyewe, nikajiona fundi.

Nyanya akazitazama, akasema, "Hizo zitanasa."

"Nyanya, hizi ni imara. Hazikatiki kamwe."

Akageuka, akaendelea na kazi yake.

Siku ya tatu nilimpeleka punda malishoni, tukapita kando ya shamba. Nzi wakamsumbua, akajikuna kwenye ua wa seng'enge, kulabu ikashika waya. Akashtuka, akavuta. Kila akivuta, mkanda unambana tumbo. Nilihangaika na ile kulabu mpaka vidole vikatoka damu, haifunguki. Akaanguka kwa magoti, ulimi nje. Nikapiga mayowe, maana niliona kabisa anakufa mikononi mwangu.

Mwenye shamba, baba mmoja Mpokomo, akaja mbio na panga. Akaukata ule mkanda, na haukukatika upesi. Punda alipoinuka, kidonda kilikuwa wazi tena. Yule baba akaniambia, "Dada, umemvalisha mnyama mtego."

Nyumbani Nyanya aliosha kidonda kwa maji ya chumvi bila kunigombeza. Alipomaliza ndipo akaniuliza, "Wewe ulitaka apone, au apendeze?" Nililia, mwanangu. Heri angenichapa.

Basi tangu siku hiyo nashona hivi: pindo zote ndani, hakuna ncha inayoning'inia, hakuna chuma. Na kila mkanda naacha mahali pamoja pa uzi dhaifu, kwa makusudi. Watu hunicheka, fundi gani huyo anashona kitu kikatike? Mimi huuvuta mkanda mbele ya macho yao, paa, unakatika! Nawapa sindano na uzi wa kuushona tena, waende zao. Punda wao watarudi na blanketi limechanika, lakini watarudi. Najivuna kwa hilo, na nina haki ya kujivuna.

Kwa hiyo nisikilize. Chochote unachomfunga kiumbe hai, kiachie mahali pa kukatika. Asiyeweza kusema, usimvalishe kitu cha kukupendeza wewe. Na mkubwa akikwambia neno fupi, usiharakishe kumjibu. Muulize ameona nini.

Haya, shika sindano. Mkanda wako wa kwanza uvute hapa mbele yangu, na ukikatika nitakusifu mpaka majirani wasikie. Mola akupe mkono wenye huruma, mwanangu, na kila mnyama utakayemtoa asubuhi amrudishe kwako mzima.