Kiatu Kilichopinduka

Walisema kijiji chetu cha Mwabungo hakitatoa mtengeneza filamu, na akitoka hatakuwa mimi. Niliporudi kutoka Nairobi na diploma ya filamu, niliyojilipia kwa kuosha magari, mjomba aliniuliza mbele ya watu: "Karatasi hiyo hukaangwa au huchemshwa?" Wakacheka. Nawakumbuka wote waliocheka.

Nilitaka filamu isiyo na neno hata moja: mume anamtoroka mkewe, mtazamaji anajionea. Mjomba na mwenye duka la kijijini walinikopesha fedha, kwa sharti kwamba nikimaliza kupiga picha, kamera yangu iwekwe rehani dukani.

"Watu wasipoielewa," mwenye duka alisema, "kamera naiuza Ukunda."

Nilipigia picha nyumbani kwa shangazi. Mwanzo, viatu vya mume na mke vimepangwa pamoja mlangoni. Mwisho, kimebaki kiatu cha mke kimoja, kimepinduka, soli juu. Lakini kila nilipowasha kamera, shangazi alitoka jikoni akakigeuza.

"Shangazi, kiache!"

"Nikiache kiitazame mbingu? Mlangoni kwangu? Kwenu hukufunzwa adabu?"

"Kwetu si hapa?"

"Basi ndiyo aibu yenyewe!"

Nilikasirika, lakini nilijua nimeipata picha yangu: kama yeye hakuweza kukiacha, watazamaji nao hawataweza. Alipoingia kuswali alasiri, nikaipiga.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa waliokuja kuniona nikianguka. Mwenye duka alikaa mbele, akiropoka: "Hawa mabubu wote?" Kisha kile kiatu kikajaa ukutani, nami nikakiacha hapo, bila muziki, bila kusogea.

Mama mmoja akainuka. "Ameachwa huyu! Jamani, mgeuzieni kiatu chake!"

"Kigeuzeni!" ukumbi ukapokea. Mwenye duka mwenyewe alikuwa ameinama, mkono umenyooka kuelekea ukutani.

"Umebahatisha," mjomba aliniambia mlangoni.

"Nimesomea."

Habari zikafika Diani, na hoteli moja ikanipa kazi ya filamu yake, nyingine ikafuata. Nilipolipwa, nilikwenda kwanza kwa mjomba. Alikaa akingoja shikamoo. Nikamkabidhi fedha zake, nikageuka. Dukani nikakaribishwa chai: "Mwanangu, sisi tulijua utafika!"

"Hesabu," nilimwambia mwenye duka nikimpa fedha zake, nikaivuta kamera yangu kutoka rafuni. Chai niliiacha ikipoa kwenye kaunta yake.