Nilimwambia Mama Virusi Vimelala

Kosa ni langu, nalisema mapema kabla hamjaanza kumlaumu daktari. Daktari alisema kila kitu. Mimi ndiye niliyemeza nusu.

Nilipokuwa na mimba, kliniki hapa Stockholm walinipima damu wakanikuta na homa ya ini B. Mkunga akasema wengi huipata kwa mama zao wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo mama naye apimwe. Naishi naye Spånga, na Kiswidi chake kinaishia kwenye salamu. Akapimwa. Anayo.

Siku ya majibu daktari akampigia simu mkalimani, akaweka spika. Ile "habari za asubuhi" tu nikaijua sauti. MC wa harusi zetu! Watanzania kuanzia Skärholmen mpaka Tumba wote wamecheza mbele yake. Nikaona Jumamosi ini la mama yangu linatangazwa kabla ya keki. Nikamwambia daktari akate simu, nitatafsiri mwenyewe.

Daktari akasema virusi kwa sasa vimelala, dawa bado, lakini vinaweza kuleta saratani ya ini kimyakimya, kwa hiyo mama awe anapigwa picha ya ini kila miezi sita, hata kama haumwi. Maneno mengi. Mimi nikamwambia mama, "Anasema vimelala."

"Vimelala?" Mama akafunga mkoba wake. "Aliyelala usimwamshe."

Nikacheka. Neno saratani sikutaka kulitamka mbele ya mzazi wangu. Kwetu hata msibani watu hulinong'ona. Hospitali walipopiga simu kumwita kwenye kipimo, nikasema kasafiri. Kasafiri, yuko jikoni anakaanga maandazi. Vipimo vyangu mimi nilikwenda vyote. Hilo nalo mlijue.

Ikapita miaka mitatu. Mama akaanza kukonda, tukamsifia. Akawa analala mchana kwenye kochi, binti yangu ananinyamazisha kwa Kiswidi: "Mormor sover," bibi kalala. Ubavu wa kulia ulipoanza kumuuma ndipo nikampeleka.

Safari hii daktari hakuniuliza. Akapiga simu, sauti ikawa ileile. MC akaeleza polepole, bila utani wake: ni saratani, imeshakuwa kubwa, haikatiki tena, kuna dawa ya kuipunguzia kasi tu. Kisha akatafsiri swali la daktari, kwa nini mama hakuja kupigwa picha.

Mama alinigeukia mimi.

"Mwanangu, siku ile ulikuwa unanitafsiria nini?"

Mpaka leo nina hasira ya kuvunja vyombo, na mwenye kosa ndiye anayeviosha.

Nyie wenzangu, mzazi akiwa na homa ya ini mpelekeni kipimo hata kama anaruka kamba. Na mkalimani mwacheni afanye kazi yake. Yule MC keshaongoza harusi kadhaa tangu siku ile, nami nimekaa ukumbini nikisubiri, na neno halijamtoka. Wa kwanza kulitangaza ini la mama yangu ni mimi, hapa.